Goti la Zipora

Watu husema mimba si ugonjwa. Ukichunguza vizuri utakuta wengi wa wasemao hivyo wana ndevu. Zipora alikuwa na mimba ya miezi minane, na kama huo haukuwa ugonjwa, basi hakujua auite nini. Asubuhi aliamka na miguu yake, jioni akalala na miguu ya mtu mwingine, imevimba hata kandambili za mumewe zilimbana. Akishiba kidogo tu, kiungulia kilimpanda mpaka kooni. Wanawake wa kisimani walimpongeza kwa kiungulia hicho, eti mtoto ana nywele nyingi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Alikuwa mtoto wa Nkome, kando ya ziwa, aliyekulia kwenye kuanika dagaa, mgongo umeinama tangu alfajiri wala halalamiki. Masalu alikwenda huko kununua dagaa, akarudi na dagaa na mchumba. Sasa Zipora alikuwa mkamwana katika kijiji kimoja nje ya Masumbwe, kwa mzee Maganga na mkewe Sesilia. Masalu mwenyewe alishinda machimboni, akirudi Jumapili na vumbi la mawe kichwani na swali lake moja: "Vipi, mtoto anacheza?" Anacheza, ndiyo. Kiwanja chake kilikuwa kibofu cha mama yake.

Kule zahanati, muuguzi Generosa alimpima presha, akamtazama uso na vidole. Akamwambia miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida, ila kichwa kikimuuma sana, uso ukivimba, au macho yakianza kuona vimulimuli, asingoje kesho. Akamfundisha kulala ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti, kuinua miguu akipumzika, na kula kidogo kidogo. Zipora aliyashika yote. Mto hakuwa nao, akajaza pumba za mpunga kwenye kiroba. Akajifunga khanga chini ya tumbo ili imsaidie kulibeba. Hata kupiga chafya alijifunza upya, mapaja ameyabana, maana siku hizi mkojo ulimponyoka bila kumwomba ruhusa. Hilo la mwisho hakumwambia mtu.

Lakini goti hakuna aliyemfundisha afanyeje nalo. Pale ukweni, kama ilivyo kwa Wasukuma wengi, mwanamke humsalimia mkubwa amepiga goti, na Zipora alikuwa amesifiwa kwa goti lake tangu siku ya kwanza. Sasa akilishusha, nyonga zilimuuma kama zinaachana, na kuinuka kulitaka ashike mlango. Aibu ikamfunga mdomo, akaanza kukwepa. Akisikia sauti ya mgeni uani, anajilaza ndani na kujifanya amesinzia.

Siku moja akamsikia mama mkwe akimwambia jirani ng'ambo ya ua, "Tangu apate tumbo, salamu zimekuwa ghali." Neno hilo lilimchoma. Jina la kiburi likishakukaa ukweni halitoki hata kwa sabuni, na yeye hakuwa na ndugu hata mmoja karibu wa kumtetea.

Basi Jumamosi moja mchana akafika shangazi Martina kutoka Kahama. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mzee Maganga, muuza mchele, mwanamke ambaye neno lake katika ukoo ule lilikuwa la mwisho. Alikaa kitini mbele ya wazee wawili na majirani, akatangaza, "Nimekuja kumwona huyo mkamwana anayelala mchana."

Kumbe habari zilikwisha fika Kahama! Zipora alisikia akiwa ndani. Akajua asipopiga goti leo, amekwisha. Akajitanda khanga, akatoka, akapita pembeni ya Sesilia aliyekuwa akizunguka na jagi na beseni kuwanawisha wageni. Akajishusha polepole, goti moja, kisha la pili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Kwenu Nkome hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yako mguu umepona?"

"Umepona, shangazi."

Salamu za Kisukuma hazina haraka. Shangazi akauliza ziwa, akauliza mvua, akauliza bei ya dagaa. Zipora akajibu, jasho likimtiririka mgongoni. Kisha mtoto akapiga teke moja la nguvu, na Zipora akahisi uvuguvugu ukimshuka mapajani. Alibana. Mkojo haukusikia. Gauni lake la rangi ya maziwa likaanza kulowa, na udongo mkavu chini yake ukabadilika rangi. Hakuweza kuinuka, hakuweza kubaki. Alitamani ardhi immeze.

Hapo ndipo jagi zima la maji lilipommwagikia kiunoni.

"Yalaa! Maskini mimi!" Sesilia alipiga kelele, beseni nalo likaanguka. "Nimemlowesha mtoto wa watu! Inuka, mwanangu, inuka ukabadilishe nguo." Akamkamata kwapani, akamwinua, akamwingiza ndani mbiombio, huku wageni wakiangua kicheko.

Ndani, mama mkwe akafunga mlango, akatoa khanga kavu. Zipora alikuwa analia.

"Mama, uliona?"

"Niliona jagi likiniponyoka."

"Mama..."

Sesilia akaketi kando yake kitandani. Kwa mara ya kwanza alimshika ile miguu, akaibonyeza kwa kidole, akakiangalia kishimo kilichobaki.

"Kumbe ndiyo maana," alisema. "Nami nikakusema kwa majirani. Nisamehe, mwanangu. Kuanzia leo utasalimia umesimama mpaka ujifungue, mwenye neno aje kwangu." Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Mimba ya Masalu, mimi yalinipata hayohayo, mbele ya baba mkwe na wageni wake. Walinicheka mwaka mzima. Hapakuwa na mtu mwenye jagi."

Akamsaidia kulala ubavu wa kushoto, akamwekea kiroba katikati ya magoti, akatoka.

Kupitia dirishani Zipora alimsikia shangazi Martina. "Wifi, umezeeka! Jagi tu limekushinda, mjukuu utampokea kwa mikono gani?" Ua mzima ukacheka tena.

"Kweli kabisa, wifi," Sesilia alijibu, naye akicheka. "Uzee huu umeniingilia mikononi."