Mafuta ya Nazi kwenye Bunduki ya Upepo

Mume wangu alipokwenda vitani aliniachia bunduki ya upepo, akaniambia ni amana. Si bunduki ya kuulia mtu. Ni ile ya kufukuzia kunguru na tumbili, risasi yake ndogo kama punje ya choroko, unaitia kwenye tundu la kijiti cha chuma kinachozungushwa kwa mkono. Kijiti hicho sisi tulikiita bilula, maana kinafunguliwa na kufungwa kama bilula ya maji.

Amana kwetu si neno la mchezo. Kitu cha mtu unakirudisha kama ulivyokipokea, hakikupungua wala hakikuharibika. Basi kila Ijumaa nikiisha kuoga nilishusha bunduki ukutani nikaipaka mafuta ya nazi, yale yale niliyoyapika mwenyewe na kujipaka kichwani. Bilula ndiyo niliyoishibisha zaidi. Sikumuuliza mtu. Nani asiyejua kuwa mafuta ya nazi yanafaa kwa kila kitu? Na nikiipaka nilizungumza nayo, mambo ambayo barua haikuweza kuyabeba, kwa kuwa barua zetu zilisomwa na macho mengi kabla ya kufika kwake. Nilimtamani mume wangu. Sasa ni bibi kizee, sioni haya kulisema.

Mwaka wa tatu karani wa boma akaniita akanisomea barua. Mume wangu amefia Burma, na kaburi lake ni huko huko. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Kanzu zake zikatolewa sadaka, viatu vyake vikaenda, kitanda kikarudi kwa ndugu zake. Bunduki ilibaki ukutani, na Ijumaa zake sikuziacha.

Eda ilipokaribia kwisha, baba mkwe akatuma salamu kutoka shambani kwake Fukayosi: tumbili wanamaliza mahindi, atakuja kuchukua bunduki ya mwanawe. Ilikuwa haki yake. Mwenye amana akifa, amana inakwenda kwa warithi, na mzee yule hakuwahi kunikosea hata siku moja. Nikaishusha niipanguse vizuri. Nikashika bilula niizungushe, haiendi. Nikaishika kwa kitambaa, haiendi. Mimi hasira zangu ziko puani, nikachukua koleo nikaibana nikavuta kwa nguvu zote. Koleo likateleza, likaacha meno yake juu ya chuma.

Nikakaa chini nikalia. Kilichoniliza ni baba mkwe. Nilimwona katika fikra zangu akiigeuza bunduki mikononi, asiseme kitu kwa adabu yake, lakini moyoni aseme mwanawe hakuwa na mke.

Wanawake wakitoka eda huenda kuwasalimia ndugu. Mimi nilivaa buibui nikaenda kwa fundi baiskeli. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, akaitikia, akaishika bunduki akaitazama kwa muda mrefu.

"Nani kaing'ata hii?"

"Mimi, baba."

Akauliza naipaka nini. Nilipomwambia, akacheka mpaka akakohoa, akasema nazi ni ya wali. Nikamjibu kuwa kama anataka kicheko aende ngomani, mimi nimekuja kwa fundi. Halafu akanieleza kwa upole kuwa mafuta yale yamechacha, yameshika vumbi na chumvi ya hewa ya kwetu, yamekuwa ulimbo. Kila Ijumaa nilipodhani naitunza, kumbe naigandisha. Maneno yale yalinichoma kuliko kicheko.

Akafungua skrubu ya upande wa pili, akadondosha mafuta ya taa, akaniambia nirudi kesho. Kesho bado. Akadondosha tena. Siku ya tatu nikamkuta ana maji ya moto, anachovya tambara analizungushia pale penye bilula, analiondoa, anaiegemeza bilula kwenye kipande cha mti na kuigonga taratibu, kisha tambara tena. Hakutumia nguvu. Alisema mwenye pupa huvunja mkono wa bilula, na mkono wake haupatikani Pwani nzima. Nikakaa kwenye kigoda nikimwombea. Karibu na adhuhuri ikasogea kidogo, nikasikia harufu ya nazi iliyooza. Ikasogea tena. Kisha ikazunguka yote.

"Ina risasi ndani," fundi akasema.

Papo hapo nikakumbuka. Asubuhi aliyoondoka mume wangu, kunguru alitua ukingoni mwa kisima chetu. Akatia risasi, akafunga bilula, na kabla hajavuta mtambo lori likapiga honi barabarani. Akaitundika bunduki akacheka, akasema kunguru yule ana bahati. Ile risasi aliitia kwa kidole chake.

Fundi akaisukuma kwa waya ikatoka, imeota ukungu mweupe. Akasema haifai tena, akanyoosha mkono kuitupa kwenye kopo la takataka.

"Usiitupe."

Akaniangalia. Akaiweka kiganjani mwangu, akageuka kupangusa vyombo vyake.

Baba mkwe alikuja Jumapili. Akaizungusha bilula, ikaenda laini. Akavuta mtambo, akapiga upepo mtupu juu ya paa, akafurahi kweli. Zile alama za koleo aliziona, akapitisha kidole juu yake tu.

"Umetunza, mwanangu. Kila kitu kipo?"

"Kipo, baba."

Risasi ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, nimeifunga fundo. Chuo cha Kurani nilisoma, hukumu ya amana naijua: hata sindano inarudi. Na mzee yule kama ningemwomba angenipa. Lakini kuomba kungekuwa kukiri kuwa ni yake, nami sikuweza. Nikamsindikiza mpaka njiani, bunduki begani kwake, nikarudi ndani.

Ninayo mpaka leo. Mola ataniuliza, nami sitamficha. Nitasema niliiba, na leo ningeiba tena.