Niliwapaka Dawa Ndama wa Majaribio

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nimelibeba moyoni miaka hii yote na sasa limenishinda.

Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na serikali ikapunguza watu kazini, mdogo wangu, mtaalamu wa mifugo, alirudi kwangu Kiseke na sanduku la nguo na wazo moja: chanjo ya ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaomaliza ndama wetu. Alikuwa ameihangaikia miaka sita. Mimi nilikuwa nauza sangara, mambo yangu si haba.

Alipiga hodi kwa matajiri wote wa Mwanza. Walimnywesha chai, basi. Mtu aliyezoea kununua samaki asubuhi na kuuza jioni, utamwambiaje asubiri miaka kwa kitu kilichomo kwenye kichupa? Mmoja tu, mzee wa Kihindi mwenye duka la pembejeo, alisema yuko tayari akiona kwa macho yake.

Wakakubaliana hivi: ndama kumi walishwe pamoja penye kupe, wasiogeshwe dawa ya kupe. Watano wachanjwe, watano waachwe. Ndama nilitoa mimi, kwenye zizi langu la kijijini. Mdogo wangu akapiga kura, na kati ya wa kuachwa, watatu wakawa wa mahari ya binti yangu.

Jamani, ng'ombe wa mahari! Hawajamaliza hata mwaka zizini, wafe? Wakwe wangesema ndoa ina mkosi. Nilimwomba awabadilishe.

"Dada, tukianza kuchagua wa kufa, hakuna atakayetuamini," akasema.

Nikaitikia sawa, lakini sikuweza. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilikwenda zizini kijijini na kitambaa na dawa ya kupe, nikawapaka wale watano wasiochanjwa masikioni na chini ya mkia. Niliwapaka wote, ili wale wa mahari wasionekane tofauti.

Siku mzee alipokuja, ndama kumi wanakula majani, wazima. Aliwazunguka mara mbili.

"Mwanangu, hata bila dawa yako hawa wanaishi. Sasa mimi nitamuuzia nani?"

Mdogo wangu akanitazama. Ningesema pale pale! Nikainama kujifunga kanga yangu vizuri.

Tajiri mmoja akirudi nyuma, wote wanarudi. Hakuna aliyempokea tena.

Masika yaliyofuata josho la kuogeshea ng'ombe pale kijijini lilikosa dawa, nami nikashikwa na homa mwezi mzima, nikashindwa kwenda kuwapaka. Wale watano wasiochanjwa wakafa, wa mahari wakiwemo. Waliochanjwa hakuna hata aliyekohoa. Nikamkimbilia yule mzee, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole.

"Mama, nitajuaje kwamba leo ndiyo husemi uongo?"



Mdogo wangu yuko Nansio, anauza dawa za minyoo kwenye duka la mtu. Nilipomweleza hakufoka. Alisema tu, "Miaka sita, dada." Tukikutana ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, hatuna la tatu.

Wewe uliyekabidhiwa kitu cha majaribio, kiache kife kama ni cha kufa. Ukishaingiza mkono, sema siku ile ile, ungali unaaminika. Mimi nilichelewa. Kila masika naitwa kwenye mazizi ya ndugu kuwapa pole kwa ndama wao, na pole hiyo naitoa huku nikijua chanjo niliiua mimi.