Mkanda Nilioukaza Mguuni

Mzee amepona, ndiyo maana napata ujasiri wa kuwasimulia, ingawa aibu haijaniisha.

Nauza karanga sokoni Majengo. Kwenye nguzo iliyo karibu na meza yangu umetundikwa mkoba mwekundu wa kuzuia damu, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia. Sikupata mafunzo, nilizitazama tu picha zake: funga mkanda juu ya jeraha, zungusha kijiti, kaza mpaka damu ikome.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliyetoka kijijini Haneti kuja kununua mabati aliteleza nayo mbele yangu. Alikaa chini amejikunyata, mkono ameuficha ndani ya koti, suruali imelowa damu gotini. Nikachomoa mkoba na kuurukia mguu.

"Mwanangu," akaanza.

"Usiongee, mzee, utaishiwa nguvu."

Nikazungusha kijiti. Damu ikazidi kudondoka.

"Unaumia?"

"Hapana. Lakini mwanangu..."

Nikakaza tena, jasho likinitoka, huku nikiwafokea watu wasogee. Nilidhani anafia mikononi mwangu. Jirani yangu, Mama Zuhura, akapiga magoti, akaugusa mguu, akanitazama. Kisha akapandisha suruali taratibu, mbele ya soko zima.

Ulikuwa mguu wa bandia.

Mzee akautoa mkono kwenye koti, umechanwa na bati, damu inachuruzika hadi vidoleni.

"Nilitaka kukwambia," akasema kwa upole. "Ni huku."