Sauti Yangu Uani kwa Bi. Mwanahawa

Jamani, haya ninayowaambia hata mke wangu aliyasikia kwa watu kabla hajayasikia kwangu, maana mimi kuyatamka nilikuwa siwezi, na mpaka leo, na mvi zote hizi, nikiukumbuka ule uani masikio yanapata moto.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara huria ndiyo imeanza, vituo vya televisheni vya watu binafsi ndiyo kwanza vinachipuka mjini, kila mzazi anataka mwanawe awe mpiga picha, na mimi niliyezunguka mbugani na wazungu miaka mingi, kwanza nikiwabebea stendi na baadaye nikishika kamera mwenyewe, nikapata darasa langu la kwanza la kufundisha filamu za wanyama. Darasa lenyewe chumba kimoja nyuma ya maduka ya vipuri pale mtaa wa Gerezani, wanafunzi wanne, kamera moja, na gari la kwenda mbugani hakuna. Sasa utafundishaje filamu za wanyama bila mnyama? Nikasema basi, tutapiga kunguru, Bongo hii kunguru wamejaa tele na hawana kiingilio.

Mzee Kantilal, mwenye duka la vitambaa Kariakoo, akaturuhusu kupanda kwenye paa la ghorofa lake. Ukiwa pale, chini yako ni nyumba ya Bi. Mwanahawa, mama mkaanga vitumbua aliyejulikana mtaa mzima, na juu ya bati lake lilisimama bomba refu la antena (enzi hizo antena zote bado zilitazama Unguja, kuifuata televisheni ya huko), na juu ya antena, kiota. Nikatandaza turubai tukajifunika wote watano, lenzi peke yake imetoa pua, vilevile tulivyokuwa tukifanya mbugani tukimvizia chui. Ninyi fikirieni tu, mtu wa chini akiinua macho anaona nini.

Kunguru akaruka kwenda kutafuta chakula, hakurudi. Tukangoja. Jua linatuchoma, jasho, kijana mmoja ameanza kukoroma, na kamera nimeiacha inarekodi kwa sababu ndege anaweza kutua wakati wowote. Ndipo nikafanya ule uamuzi wangu mdogo. Nikasema, tusipoteze muda, tujifunze masimulizi.

"Mwalimu, tusimulie nini na ndege hayupo?" akauliza Rehema, mwanafunzi wangu makini kuliko wote.

Nikachungulia uani. Bi. Mwanahawa yuko kwenye vitumbua vyake, mumewe Mzee Kibwana amejilaza kwenye mkeka, binti yao Zuhura anapepeta mchele. Nikakohoa kidogo, nikatoa ile sauti nzito ya kwenye filamu, nikaanza kusimulia habari za watu wale kana kwamba ni kundi la wanyama. Vijana wakacheka mpaka wakaziba midomo kwa viganja. Na mimi nikiona watu wanacheka, basi tena, breki sina.

Mara nikasikia kutoka chini: "Jamani, kuna watu juu wanachungulia wanawake!"

Kariakoo hiyo. Kabla sijajitoa kwenye turubai ngazi zimeshajaa watu, nikashikwa ukosi, nikateremshwa, nikaingizwa uani mbele ya Bi. Mwanahawa aliyefunga kanga kibwebwe, mwiko mkononi.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo yako mpelekee aliyekuzaa! Unatazama nini uani kwangu?"

"Mama, mimi mwalimu. Tulikuwa tunapiga picha kunguru."

Watu wakaangua kicheko. "Mtu mzima na ndevu zake," akasema mmoja, "ajifunike turubai juani kwa ajili ya kunguru?"

Aliyepiga kelele kuliko wote ni kijana mmoja mwembamba, huyohuyo aliyetuona kwanza. "Muongo huyo! Kamera ivunjwe, kanda ichomwe!"

Nilishikwa na hasira ya mtu asiye na kosa. Nikasema kwa sauti wasikie wote: "Kanda hii hapa. Leteni televisheni tutazame, mkiona mwanamke hata mmoja nipigeni!"

Rehema akanivuta shati. "Mwalimu, ile sauti..."

"Nyamaza, Rehema." (Mungu anisamehe.)

Televisheni ikatolewa sebuleni, nikaunganisha waya mwenyewe, kwa madaha kabisa. Kiota kikatokea. Kiota, mbingu, antena. Hakuna mwanamke. Mzee Kantilal, aliyekuwa ameshuka kututetea, akapumua. "Si niliwaambia? Kunguru!" Watu wakaanza kuniachia ukosi.

Halafu, ndani ya televisheni, nikajisikia ninakohoa.

"Hapa tunaliona jike kongwe, kiongozi wa kundi. Unene wake haulizuii kushambulia. Likiinua mwiko, madume yote hutawanyika."

Nikarusha mkono nizime. Mwiko ukatua kwenye vidole vyangu. "Acha iseme," akasema Bi. Mwanahawa.

"Pembeni limelala dume zee. Meno yamekwisha, haliwindi tena. Husubiri mabaki ya jike."

Mzee Kibwana akavua kofia taratibu, akaipakata. Wapo waliocheka, wakajiona wamecheka peke yao. Nami nikakumbuka kilichokuwa kinafuata, nikashika ukuta.

"Na tazama! Jike kongwe limeingia ndani, na dume jembamba lenye shati la njano limepenya mlango wa nyuma. Limempa jike kijana mfuko. Limemshika mkono. Naam, msimu wa kupandana umekaribia."

Kwenye kanda wanafunzi wangu wakacheka. Uani hakucheka mtu. Vichwa vyote viligeuka, kimoja baada ya kingine, vikamtazama yule kijana mwembamba aliyetaka kanda ichomwe. Shati lake lilikuwa njano, njano ya embe. Akarudi nyuma hatua, akageuka, akatoka mbio. Zuhura aliuweka ungo chini kwa uangalifu kama vile ni wa kioo, akaingia ndani.

"Irudishe nyuma," akasema mama yake.

"Mama, tafadhali..."

"Irudishe. Nataka nisikie vizuri."

Nikairudisha. Tukasikiliza yote upya, mtaa mzima, mimi nimesimama karibu na sauti yangu. Nilitamani wanipige. Hawakunigusa. Ilipokwisha, Bi. Mwanahawa alimtazama Rehema, akanitazama mimi. "Kumbe wewe ndiye unayefundisha watoto wa watu," akasema. "Haya, nenda."

Baadaye Mzee Kantilal aliniambia Zuhura amepelekwa Tanga kwa shangazi yake. Watu wakinisikia nikisimulia hucheka mpaka hapo kwenye shati la njano. Mimi hapo huwa sicheki.

Miaka ikapita, nikakutana na Zuhura Magogoni, tunasubiri pantoni ya kuvukia Kigamboni, amebeba mtoto mgongoni. Nikataka kujificha nyuma ya gari la mizigo, nikachelewa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nilitaka kuomba radhi.

Akautazama mfuko wa kamera begani kwangu. "Leo unarekodi?"

Nikafungua mfuko palepale, nikachomoa betri ya kamera, nikampa aishike. Akaishika njia nzima mpaka Kigamboni, na tulipofika akanirudishia, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijasimulia habari za mtu yeyote asiyejua kwamba namtazama, na mwanafunzi wangu akijaribu, darasani kwangu hakai.