Mtani alivyosimamisha mazishi ya kaka yangu ili tupige kura

Wakuu, habari za humu.

Jumamosi iliyopita, hapa Maguu, kijijini kwetu milimani, nilimzika kaka yangu. Naandika nilichokiona tu. Nisichokijua nitasema sijui, na vingi sijui.

Kaka alikuwa mhadhiri wa sheria Dar. Kazi yake ilikuwa kuchunguza chaguzi. Kila likizo alishuka ziwani, anakaa na wavuvi na wakulima, anawauliza kwa nini walimchagua fulani. Mimi niliishia darasa la saba, nalima kahawa. Aliwahi kuniambia mkono unaonyooshwa hadharani huangalia kwanza nyuso za watu.

Jeneza lilipofika kaburini, mtani wetu mmoja, bibi kutoka ziwani (sisi Wamatengo tunataniana na watu wa huko), alikaa ukingoni, miguu ndani ya kaburi.

"Hazikwi mtu! Huyu Mmatengo alitusumbua na maswali ya kura mpaka samaki wakatuozea. Leo tunampigia yeye. Wanaotaka azikwe, mikono juu!"

Watu wakacheka. Hakuna aliyenyoosha.

"Hakuna hata mmoja? Ameshinda! Mrudisheni Dar akasahihishe mitihani!"

Mnajua mtani msibani hafukuzwi wala hakasirikiwi. Lakini shemeji yangu, mke wa marehemu, si wa huku. Alinishika mkono.

"Shemeji, wanamfanyia nini mume wangu? Waambie wamzike, siwezi tena."

Padre alikuwa amefunga kitabu, anasubiri. Nikaangalia wazee, wakaangalia chini. Nani aonekane anamharakisha marehemu?

Nikanyoosha mkono. Peke yangu.

"Ndiyo moja, ya mdogo wake," bibi akasema. "Haya, wasiotaka azikwe?"

Wakuu, mikono ilipanda yote. Wazee, wanakwaya, wachimba kaburi na majembe yao. Shemeji, aliyeniomba mwenyewe, alinyoosha miwili. Kicheko kikakatika. Nikasikia watu wanalia.

Bibi naye akanyoosha wake. Nadhani hakupanga hivyo, maana alibaki anautazama mkono wake mwenyewe.

Hapo ndipo nimekwama mpaka leo. Wengi walisema asizikwe. Je, ile ilikuwa kura au kilio? Na shemeji alitaka lipi, azikwe au asizikwe? Kaka angejua namna ya kuuliza. Mimi sijui.

Nilichojifunza ni kidogo: mtu anaweza kupigia kura jambo asilolitaka kabisa, na hakuna aliyemlazimisha wala kumhonga. Wanasheria wa humu, na yeyote aliyewahi kufanyiwa utani kaburini, nitasoma kila mtakachoandika.

Ilivyoisha ni hivi. Bibi alitoa miguu kaburini, vijana wakashusha jeneza. Akachota udongo kabla ya padre, kabla yangu.

"Mwalimu, tusamehe," akasema. "Leo kura tumekuibia."

Akautupa.