Alama ya Ngamia wa Shangazi

Mtu asije akaniambia sikujua. Nilijua. Kwetu hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua kwamba ngamia mpotevu akijiunga na kundi lako, unatangaza msikitini na sokoni kuwa umeokota ngamia, jike au dume, basi. Kuhusu alama aliyochomwa na namna masikio yake yalivyokatwa, unafunga mdomo. Mwenyewe atakuja, atazitaja, na kuzitaja kwake ndiko ushahidi. Ukizitangaza, umemkabidhi ngamia kwa mwongo wa kwanza atakayepita.

Mimi ni binti wa wafugaji niliyesomea kompyuta, ninaishi Garissa na kazi yangu ni kuwatengenezea watu tovuti. Wazee wa chama kimoja cha wafugaji walikuwa na tovuti yao, wakaniomba niongeze ukurasa wa mifugo waliopotea na waliookotwa. Mwenyekiti wao alinieleza habari ya alama mara mbili, akinikazia macho. Alinichosha. Nikamwambia, mzee, mimi si mgeni, nimezaliwa hapahapa. Daftarini nikaandika: alama, siri.

Kazi yenyewe ilitaka plagini, yaani kijiprogramu cha kupachika kwenye tovuti ili iweze jambo ambalo haikuliweza. Zamani plagini nilikuwa naiandika mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Safari hii nilipata kiunzi kilichotengenezwa na waandishi wengine wa programu, nacho kinakupa mifupa yote tayari. Unaandika amri moja, kinakuuliza jina la plagini na folda ya kuiweka, halafu kinakuzalia mafaili: faili kuu, faili la kuiwasha, la kuizima, la kuifuta. Ukikitajia maswali ya fomu, kinatengeneza fomu na ukurasa wa kuonyesha majibu. Wallahi nilicheka peke yangu. Kazi niliyoipangia wiki mbili ilikwisha kabla ya adhuhuri.

Kasoro yake ilikuwa moja, na niliiona siku ileile. Kila jibu la fomu linazaliwa likiwa la kuonekana na kila mtu. Ukitaka kulificha, unafungua faili la mipangilio, unatafuta neno ndiyo mbele ya swali hilo, unaweka hapana. Nilijiambia nitaweka nikimaliza kujaribu, maana nikiificha alama mapema sitaona kama inahifadhiwa sawasawa. Nikajaza ngamia kumi wa uongo na alama zao, nikawa nawatazama wanavyojipanga kwenye skrini.

Wazee wakaja kabla ya siku tuliyoagana. Walikuwa na safari ya Wajir, wakataka waione kazi kabla hawajaondoka. Mtu mwenye akili angewaonyesha kwenye kompyuta yake na kuishia hapo. Mimi nilitaka sifa. Niliwafuta ngamia wangu wa uongo, nikaipandisha plagini kwenye tovuti yenyewe, nikaiwasha mbele yao, nikawaambia watoe simu. Wakaiona fomu, orodha bado tupu, na chini ya swali la alama wakasoma maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: jibu hili halitaonekana na yeyote. Wakaniombea dua. Nilifurahi hadi nikasahau kuweka lile neno hapana, na sina sababu nyingine ya kutoa.

Haukupita mwezi, ngamia jike wa shangazi yangu, dada wa baba, akapotea kule Hulugho. Shangazi ni mjane, na maziwa ya ngamia yule ndiyo aliyokuwa akinywa na kuuza. Ngamia akaibukia karibu na Dadaab, kwenye kundi la mzee mmoja mcha Mungu. Mzee alikuwa amesikia habari za ukurasa wetu, akajaza fomu kwenye simu yake, alama na masikio, kila kitu, kwa kuwa aliyaamini yale maneno yangu. Siku mbili baadaye mtu akafika kwake, akazitaja alama bila kukosea hata moja, akaondoka na ngamia.

Shangazi alipata habari, akafika kwa mzee juu ya lori wiki iliyofuata, akazitaja zilezile. Mzee akashtuka. Akamwambia ngamia huyo keshachukuliwa na mwenyewe, kisha mbele za watu akamuuliza yeye alama hizo kazisikia wapi. Shangazi, mwenye ngamia aliyemzalisha kwa mikono yake, anaulizwa hivyo! Akamwita mzee mwizi, kwamba aliitoboa siri ya alama makusudi ili agawane na yule mtu.

Akanipigia simu analia kwa hasira. Hajamaliza kusema nami nimeshafungua ukurasa. Alama zilikuwa pale wazi: bega la kushoto, sikio la kulia mikato miwili. Nikaingia kwenye lile faili, nikafuta ndiyo, nikaweka hapana. Sekunde kumi, hazikuzidi. Nilipotazama tena alama hazikuwapo, nami nikamwambia shangazi atulie, nitaangalia.

Wazee wa chama wakakaa kikao Dadaab kuwapatanisha, nami nikaitwa kwa kuwa ndiye niliyetengeneza ukurasa. Wakaniuliza swali moja, kama tovuti inaonyesha alama.

"Haionyeshi," nikasema.

Siku ile ilikuwa kweli. Ndivyo nilivyojidanganya, ati sikusema uongo. Lakini jibu langu lilimwacha mzee peke yake, kwa sababu kama si tovuti basi ni mdomo wake. Wakamtaka aape. Akaenda kutawadha, akarudi, akaweka mkono juu ya Msahafu, akaapa kwamba hakumwambia mtu. Alipomaliza, akasema ngamia alipotelea mikononi mwake, na hataki mjane arudi kwao mikono mitupu. Akamtoa ngamia wake mwenyewe wa maziwa, akampa shangazi. Watu wakamsifu. Nilikuwa nimeketi mkekani, hatua tatu kutoka kwake, nimeinamia simu isiyokuwa na ujumbe wowote.

Kisingizio sikukikosa. Nilijiambia nikifungua mdomo, shangazi atakosa maziwa. Mtu mwema mimi! Jina langu ndilo nililokuwa nalilinda. Majuto ni mjukuu, lakini yangu hayakungoja kuzeeka, yalikuja njiani nikirudi Garissa, nikashindwa hata kula. Kila nikifungua kompyuta ninaona ule mkono juu ya Msahafu.

Miezi miwili baadaye nilikwenda kwa mzee nikamwambia yote. Alinisikiliza huku akisokota kamba.

"Kosa la kompyuta nimekusamehe," akasema. "Lakini siku ile niliapa, na wewe ulikuwa umeketi." Kisha akaniambia niliseme mahali alipoapa yeye, mbele ya watu walewale.

Nikalisema. Sikumbuki maneno niliyotumia, nakumbuka tu kwamba mwenyekiti aliuficha uso wake. Shangazi alikuwa ameitwa, akasikia mwanzo hadi mwisho, akainuka akaenda zake bila kuniaga. Baada ya siku kadhaa nikapata habari kuwa anamrudisha ngamia wa watu kwa miguu kutoka Hulugho. Nikamwahi nyumbani kwa mzee. Mzee alikuwa amekataa katakata, anasema alichokitoa kwa mkono wake hakirudi. Shangazi hakubishana naye. Alimfunga ngamia kwenye ua wa miiba, akaniomba nimsindikize barabarani akangoje lori.

Nilimwambia, shangazi, nitakutafutia mwingine, hata wawili.

"Nilimwita mwizi," akasema. "Hata aliponipa maziwa niliendelea kumwita mwizi, kwa sababu wewe, binti wa kaka yangu, ulisema haionyeshi, nami nikakuamini."

Lori likaja. Nilitaka kumshika mkono apande, akamwomba turniboi, msaidizi wa dereva, amshike.