Dada wa Kazi

Leo matroni wa bweni amenipa kifurushi kutoka nyumbani. Ndani kuna sweta la dada yangu, bado linanuka moshi wa kuni za milingoti. Nimelinusa, nikakumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Dada alikuwa amepata mimba na hajaolewa. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili hiyo zamu ya kusoma matangazo ilikuwa yake. Akasoma jina la dada kwa sauti yake ya siku zote: ametengwa, hatashiriki meza ya Bwana mpaka arudi kundini.

Dada akainuka, akaenda benchi la nyuma, amevaa sweta hilihili. Akaniita kwa mkono. "Mdogo wangu, njoo tukae."

Rafiki yangu, aliyekuwa amehamia juzi tu kutoka Chimala, akaniuliza, "Kwani yule ni nani yako?"

"Dada wa kazi," nikasema, tena kwa sauti.

Dada akashusha mkono.

Baba alipomaliza kusoma alikunja karatasi. Hakurudi kwenye viti vya wazee kule mbele. Alitembea mpaka nyuma, viatu vinalia sakafuni, akakaa na dada benchi moja, akamfungulia kitabu cha nyimbo.

"He! Mbona baba yako anakaa na dada wa kazi?" rafiki yangu akauliza.

Nikainamia kitabu changu, nikajifanya natafuta wimbo. Na kusoma kwenyewe nilikuwa bado sijui.